Kila Njama Iulizwe Swali Hili

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wanachama wa kikundi chetu cha wasomaji. Baadhi yenu hamkuweza kufika, mkaomba yaandikwe. Nimeyaacha karibu yote kama yalivyotoka mdomoni. Picha zilizokuwa ukutani nimeziondoa, maana hazikuongeza kitu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu wote, asanteni kwa kuja.

Nilipopewa mada hii ya nadharia za njama katika siasa, mwenzangu mmoja alinitahadharisha. Aliniambia: usisimame pale ukawaambia watu kwamba njama hazipo, watakucheka. Naam, wangenicheka, na wangekuwa na haki ya kucheka. Njama zipo. Watu wenye madaraka hukaa vyumbani, hupanga mabaya, huyatekeleza, kisha hutoka nje na kutudanganya. Kwa hiyo leo sitawaambia msishuku. Nataka tuzungumze jinsi ya kushuku vizuri.

Nianze na kifo kimoja.

Usiku wa tarehe 17 Januari 1961, huko Katanga, jimbo la Kongo lililokuwa limejitenga na kuunda serikali yake, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipigwa risasi pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mawaziri wa Katanga walikuwapo. Maofisa wa Kibelgiji walikuwapo. Dunia haikuambiwa kitu. Zikapita siku, zikapita wiki. Tarehe 13 Februari, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, Godefroid Munongo, akawaita waandishi wa habari na kuwaeleza kwamba Lumumba alitoroka kizuizini, akaangukia mikononi mwa wanakijiji, nao wakamuua. Kijiji gani? Jina halikutajwa. Na kwa kuwa alijua fika watu watasema serikali yake ndiyo iliyoua, akawajibu kabla hawajauliza: thibitisheni.

Sasa niambieni, ndugu zangu: siku ile, nani alikuwa na hadithi ya kubuni? Mtu wa mtaani aliyesema "wakubwa wamemmaliza", au waziri mwenye suti na kipaza sauti? Hadithi ya waziri ilikuwa haina kijiji, haina shahidi, haina kaburi. Tume ya Umoja wa Mataifa ilipoichunguza mwaka huohuo wa 1961, iliikataa hiyo habari ya kutoroka. Mwaka 1975, kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Seneta Frank Church ikaeleza kwamba CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilipeleka sumu Kongo mwaka 1960 kwa nia ya kumuua Lumumba, ingawa sumu yenyewe haikutumika. Mwaka 2001, kamati ya Bunge la Ubelgiji ikakiri kwamba nchi yao ilibeba dhamana ya kimaadili kwa kifo kile. Na Juni 2022, familia ya Lumumba ikakabidhiwa jino. Jino moja tu. Ofisa wa polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kuuyeyusha mwili kwa asidi alikuwa amelichukua na kuliweka.

Kwa nini nimeanza hapa? Kwanza, ili mjue kwamba taarifa rasmi nayo ni dai kama madai mengine. Ipimwe. Waziri akisema, apimwe. Msemaji wa ikulu akisema, apimwe. Lakini tazameni pia kweli ilifikaje kwetu. Kwa simu za maandishi zilizotunzwa. Kwa ripoti. Kwa watu waliokuwapo wakaja kusema. Kwa jino. Haikufika kwa mtu kukaa na kuunganisha vipande kichwani mwake mpaka vikapendeza.

Tatizo letu huanzia hapa. Mtu akishasikia habari ya Lumumba, anapiga hatua moja kubwa mno. Anasema: mnaona? Waliosema wakubwa wameua walikuwa sahihi, basi na lile nililolisikia juzi ni kweli. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja! Hapana, ndugu zangu. Pamoja na heshima yangu yote kwa waliotuachia methali hiyo, mahakamani ingefukuzwa mlangoni. Kwamba njama moja ilithibitishwa hakuithibitishi njama nyingine hata kidogo. Inaonyesha tu kwamba jambo la namna hiyo linawezekana, na kati ya "linawezekana" na "limetokea" kuna safari ndefu.

Basi leo nina swali moja, nami nitalirudia mpaka mnichoke. Kila mkiletewa habari ya njama, mwulizeni aliyeileta: ni kitu gani kikionekana kesho utakubali kwamba ulikosea?

Aliyewashuku wakubwa wa Katanga mwaka 1961 angeweza kujibu bila kusita. Nionyesheni kijiji. Nionyesheni mwili. Nileteeni shahidi asiyeajiriwa nanyi. Mkivileta hivyo nitanyamaza. Swali lake lilikuwa na jibu. Nadharia yake ilikuwa inaweza kushindwa, na kwa sababu inaweza kushindwa, ushindi wake ulikuwa na maana.

Sasa nawapeni nadharia isiyoweza kushindwa. Hii nitakaa nayo kidogo, maana kwangu mimi ndiyo mama wa makosa yote.

Desemba 1941 Japani iliishambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani, Marekani ikaingia vitani. Katika majimbo ya pwani ya magharibi ya Marekani waliishi watu wengi wenye asili ya Japani: wakulima, wavuvi, wenye maduka, watoto wa shule. Wengi wao walizaliwa Marekani na ni raia wa Marekani. Ukazuka uvumi kwamba hawa ni jeshi la siri linalosubiri ishara tu. Jenerali John DeWitt ndiye aliyekuwa na dhamana ya ulinzi wa pwani ile. Kulikuwa na shida moja tu: hujuma haikutokea. Siku zikapita, hakuna daraja lililolipuliwa. Wiki zikapita, hakuna kiwanda kilichochomwa.

Mtu mwenye akili zilizotulia angesema nini? Angesema: huenda tumewaonea. Jenerali DeWitt alisema nini? Tarehe 14 Februari 1942 alimwandikia Waziri wa Vita kwamba ule ukweli wenyewe, kwamba hakuna hujuma iliyotokea hadi sasa, ni dalili ya kutia wasiwasi inayothibitisha kwamba hujuma itatokea.

Nirudie? Nitarudia. Hakuna hujuma, kwa hiyo hujuma ipo. Wametulia, kwa hiyo wamejipanga. Wangefanya fujo, wangekuwa na hatia. Hawakufanya fujo, hatia yao ikawa kubwa zaidi. Niambieni, ndugu zangu, Mjapani yule muuza mboga angefanya nini ili aonekane hana hatia? Hakuna. Mlango wa kutokea haukujengwa.

Wala si jenerali peke yake. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la California aliiambia kamati ya Bunge mwezi uleule kwamba ule utulivu ndio ishara mbaya kuliko zote. Jina lake Earl Warren. Likumbukeni jina hilo, tutakutana nalo tena.

Mwisho wake mnaujua. Watu wapatao 120,000 waliondolewa majumbani kwao wakawekwa kambini, walinzi wenye bunduki wakawekwa juu yao. Vita ikaisha. Mwaka 1983 tume iliyoundwa na Bunge la Marekani ikatoa ripoti: hakuna hata tendo moja la ujasusi au hujuma lililothibitika kufanywa na mtu wa asili ya Japani katika pwani ile. Hata moja. Tume ikataja sababu halisi kuwa ni ubaguzi wa rangi, jazba ya vita na udhaifu wa viongozi. Mwaka 1988 Rais Ronald Reagan akasaini sheria ya kuomba radhi na kumlipa kila mhanga aliyekuwa hai dola 20,000.

Mnaona ni kosa la namna gani? Ushahidi ukiwapo, umethibitisha. Ushahidi usipokuwapo, umefichwa, na kufichwa kwake kumethibitisha. Shahidi akikanusha, amenunuliwa. Mtaalamu akipinga, naye yumo. Nadharia ya namna hii humeza kila kitu na kunenepa. Wenye kuiamini huliona hilo kuwa nguvu yake: "Mbona hamjaweza kuipinga?" Jamani, haijapingika kwa sababu imejengwa isipingike. Mwulizeni DeWitt: ni kitu gani kikionekana kesho utakubali kwamba ulikosea? Hana jibu. Asiye na jibu hapo anataka tumwogope adui yake, basi. Habari hana.

Kuna kosa la pili, na hili linachekesha zaidi. Ni imani kwamba wala njama ni mabingwa. Katika nadharia hizi, adui hakosei kamwe. Kila kitu kimepangwa, hata makosa yamepangwa, hata ajali zimepangwa. Maelfu ya watu wamejua siri na hakuna aliyegombana na mkewe akaropoka, hakuna aliyelewa, hakuna aliyenyimwa posho akaenda kwa waandishi. Mmewahi kukaa kwenye kamati yoyote ile? Basi mnajua ninachosema.

Hebu tuitazame njama ya kweli kabisa, iliyobadilisha dunia. Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914. Vijana kadhaa wenye mabomu na bastola wamejipanga kando ya njia atakayopita Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria na Hungaria. Gari linapita. Wa kwanza anaduwaa, hafanyi kitu. Nedeljko Čabrinović anarusha bomu, bomu linagonga nyuma ya gari, linadunda na kulipukia gari linalofuata. Čabrinović anameza sumu ajiue. Sumu haimuui, inamtapisha. Anajirusha mtoni azame. Ni majira ya joto, mto umekauka, maji hayafiki hata magotini. Anavutwa nje na kukamatwa, huku anatapika.

Njama imekufa hapo. Baadaye mrithi yule anaamua kwenda hospitali kuwaona waliojeruhiwa. Njia inabadilishwa, lakini dereva hakuelezwa vizuri. Anakata kona isiyo yake. Anaambiwa asimame. Gari linasimama karibu kabisa na mahali aliposimama Gavrilo Princip, kijana mwingine wa kundi lile. Risasi mbili, na baada ya wiki chache Ulaya nzima imo vitani.

Hiyo ndiyo sura ya njama halisi, ndugu zangu. Ina woga, ina sumu iliyoharibika, ina dereva asiyepewa taarifa. Karibu wote wa kundi lile walikamatwa haraka, na kufikia Oktoba walikuwa kizimbani. Kwa hiyo ukiletewa njama isiyo na hata kosa moja, iliyotunzwa miaka hamsini na watu elfu kumi bila mmoja kupayuka, shuku ule ukamilifu wake. Nakiri kwamba siri nyingine hudumu. Zile zinazodumu huwa za watu wachache, kuhusu jambo dogo lenye mipaka. Ile ya kuuyeyusha mwili wa Lumumba ilikuwa na watu wa kuhesabika, na bado mmoja wao aliweka jino.

Twende Dallas. Najua mlikuwa mnaingoja.

Tarehe 22 Novemba 1963 Rais John Kennedy wa Marekani aliuawa kwa risasi akiwa kwenye gari la wazi. Siku mbili baadaye mshukiwa, Lee Harvey Oswald, naye akauawa na mtu mwingine akiwa chini ya ulinzi wa polisi, kwenye televisheni, watu wakitazama. Ukiwashangaa walioshuku siku ile, wewe ndiye wa kushangaza. Tume ya uchunguzi iliundwa, na mwenyekiti wake alikuwa nani? Earl Warren, yuleyule, ambaye sasa ni Jaji Mkuu wa Marekani. Mwaka 1942 alitazama utulivu wa raia akaona njama. Sasa ripoti yake ya mwaka 1964 ilisema Oswald alitenda peke yake, na watu wakamtazama yeye wakaona njama. Siasa ina dhihaka zake.

Sitaki kuimaliza kesi ya Kennedy hapa, tungelala ukumbini. Nataka jambo moja dogo: mwavuli.

Siku ile mvua ilikuwa imekatika asubuhi, jua linawaka. Katika picha za tukio anaonekana mwanamume mmoja kando ya barabara ameshika mwavuli mweusi, ameufungua. Hakuna mwingine mwenye mwavuli. Na palepale alipo, msafara unapofika, risasi zinalia. Haya, niambieni, mngefikiri nini? Jua kali, mwavuli mmoja, mahali palepale, dakika ileile! Watu wakasema ni ishara kwa wapigaji. Wengine wakasema mwavuli wenyewe ni silaha inayorusha mshale wenye sumu, na wakachora hata michoro yake. Ukiitazama ile picha, mwili unasisimka. Nami hunisisimka.

Mwaka 1978 mtu yule alijitokeza mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi, akaja na mwavuli wenyewe. Maelezo yake hakuna aliyekuwa ameyawaza. Alikuwa anapinga jambo alilolifanya baba yake Kennedy. Joseph Kennedy alikuwa balozi wa Marekani mjini London kabla tu ya Vita Kuu ya Pili, na aliunga mkono sera ya waziri mkuu wa Uingereza, Neville Chamberlain, ya kumbembeleza Hitler. Chamberlain alikuwa haachi mwavuli, mwavuli ukawa nembo yake. Jamaa alikuwa amesikia kwamba mwavuli unawaudhi watu wa ukoo wa Kennedy. Akaubeba. Ndiyo hivyo tu. Aliiambia kamati kwamba kama kungekuwa na orodha ya watu waliokuwa mahali pasipofaa, saa isiyofaa, wakifanya jambo lisilofaa, yeye angeshika nafasi ya kwanza na wa pili asingemkaribia.

Nani angeweza kulibuni hilo? Hapo ndipo kosa letu linapoonekana waziwazi. Tukiona jambo la ajabu karibu na jambo kubwa, tunasema: haiwezekani liwe bahati tu, kwa hiyo ni njama. Tunaruka kutoka "mimi sijui sababu" mpaka "sababu ni hii ninayoifikiria". Lakini chukua dakika moja ya siku yoyote, barabara yoyote, piga picha kila aliyesimama pale, kisha wachunguze mmoja mmoja kwa miaka kumi na tano. Utakosa maajabu? Kila umati una mtu mwenye mwavuli. Tofauti ni kwamba umati mwingine hakuna anayeupiga darubini.

Na kwa nini huu ulipigwa darubini? Kwa sababu akili zetu hazikubali mambo makubwa yaletwe na watu wadogo. Rais wa taifa lenye nguvu kubwa, kijana mwenye umri mzuri, aliyependwa na mamilioni, auawe na mtu aliyeshindwa karibu kila alichokigusa? Mizani haikai sawa, kwa hiyo tunaongeza uzito upande wa pili: majasusi, majambazi, mabepari, majenerali. Linganisheni na tarehe 30 Machi 1981. Rais Reagan alipigwa risasi na kijana aitwaye John Hinckley, aliyetaka kumvutia mwigizaji mmoja wa kike. Ni sababu ya kipuuzi kuliko yoyote ya Oswald. Je, mmesikia nadharia ngapi za njama kuhusu Hinckley? Chache mno. Kwa nini? Reagan alipona. Tendo ni lilelile, risasi ni zilezile, matokeo tu ndiyo yalikuwa madogo, nasi tukatosheka na sababu ndogo.

Kwa haki niseme: kamati ileile iliyomhoji mtu wa mwavuli ilihitimisha mwaka 1979 kwamba huenda kulikuwa na njama. Msingi mkubwa wa hitimisho hilo ulikuwa rekodi ya sauti ya redio ya polisi. Mwaka 1982 jopo la wanasayansi likaichambua rekodi hiyo na kuuvunja msingi huo. Mnaona mchezo unavyochezwa? Dai liliegemea kitu kinachoweza kupimwa. Kikapimwa. Kikaanguka. Kamati haikuona haya kutaja inachoegemea, na kwa hilo naiheshimu.

Sasa nije kwenye neno ambalo mkilisikia tu masikio yasimame. Neno lenyewe ni "inalingana". "Tazama yanayotokea. Yote yanalingana!"

Mwaka 1903 gazeti moja la Saint Petersburg lilichapisha maandishi yaliyodaiwa kuwa kumbukumbu za vikao vya siri vya viongozi wa Kiyahudi wanaopanga kuitawala dunia. Ndiyo zile Protokali za Wazee wa Sayuni. Maandishi hayo yakasambaa, yakatafsiriwa, na huko Marekani tajiri wa magari Henry Ford akayapigia debe katika gazeti lake mwenyewe. Mwaka 1921 mwandishi wa habari alipomhoji kuhusu ukweli wake, Ford alijibu kwamba kitu pekee anachojali kukisema ni kuwa yanalingana na yanayotokea duniani.

Miezi michache baadaye, Agosti 1921, mwandishi Philip Graves wa gazeti la The Times la London akaweka maandishi mawili bega kwa bega. Upande mmoja Protokali. Upande wa pili kijitabu cha kejeli kilichoandikwa mwaka 1864 na Mfaransa Maurice Joly kumshambulia mtawala Napoleon wa Tatu. Aya kwa aya, sentensi kwa sentensi, mtu alikuwa amenakili. Na katika kile kijitabu cha Joly, Wayahudi hawamo kabisa! Maneno yaliyoandikwa kumsema mtawala wa Ufaransa yalibandikwa midomoni mwa Wayahudi, na yakalingana. Yangebandikwa kwa mwingine yeyote yangelingana pia. Kulingana ni kama sketi ya mpira kiunoni: humkaa kila mtu, kwa hiyo haikuambii ni ya nani.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Hitler aliandika kwamba kule magazeti kuendelea kulia kuwa Protokali ni za kughushi ndiko uthibitisho bora kwamba ni za kweli. Mnamsikia DeWitt? Mmoja jenerali wa Marekani, mwingine adui yake mkubwa, na akili inazunguka mduara uleule. Na mnajua mduara wa Hitler uliishia wapi.

Ndugu wa "inalingana" ni "nani anafaidika?" Hili nalipita haraka. Ni swali zuri la kuanzia upelelezi na baya la kuumalizia. Jengo la Bunge la Ujerumani lilipoungua tarehe 27 Februari 1933, Wanazi walifaidika kuliko mtu yeyote: kesho yake tu wakapata amri ya kufuta haki za raia. Je, hilo linathibitisha waliwasha moto wao? Halithibitishi. Polisi walimkuta mle ndani Mholanzi mmoja, Marinus van der Lubbe, na wanahistoria wanabishana hadi leo kama alikuwa peke yake. Wanazi wenyewe walisema ni njama ya Wakomunisti, na mahakama yao wenyewe ikashindwa kuwatia hatiani Wakomunisti wanne walioshtakiwa. Mwenye duka la miavuli hufaidika na mvua. Hainyeshi kwa amri yake.

Nimebakiza kesi moja. Hii haijafungwa, na nimeichagua kwa makusudi.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa anakwenda kutafuta usitishaji wa mapigano ya Katanga, Katanga ileile. Watu 16 walipoteza maisha. Tume ya serikali ya Rhodesia, iliyotawala eneo lile wakati huo, ikasema ni kosa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa mwaka 1962 ikasema haiwezi kuthibitisha wala kukanusha hujuma.

Kulikuwa na mashahidi. Wachoma mkaa waliokuwa msituni usiku ule walisema waliona mambo angani, na baadhi yao walisema waliona ndege zaidi ya moja. Tume ya Rhodesia haikuwatilia maanani. Walikuwa Waafrika, maskini, watu wa porini. Ndugu zangu, hilo nalo ni kosa la kufikiri, na safari hii limefanywa na wenye mihuri. Kuutupa ushahidi kwa sababu ya sura ya aliyeuleta ni sawasawa na kuukubali kwa sababu ya sura yake. Ushahidi wa mchoma mkaa hupimwa hivi: alisimama wapi, aliona nini, lini alisema kwa mara ya kwanza, na mwenzake alisemaje?

Zaidi ya miaka hamsini baadaye, Umoja wa Mataifa uliifungua upya kazi hiyo na kumkabidhi Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, Mohamed Chande Othman. Mzigo kama huo ungemshawishi mtu yeyote kutafuta sifa. Angesimama na kusema: Katanga, migodi, majasusi, mamluki, yote yanalingana! Ripoti yake ya mwaka 2017 ilisemaje? Ilisema yumkini shambulio au tishio kutoka nje lilichangia kuangusha ndege. Yumkini. Akaeleza ni madai yapi ameyachunguza na kuyaona hayana uzito, na yapi yamebaki. Kisha akasema kinachokosekana ni nini: kumbukumbu za kijasusi na za mawasiliano ya redio za wakati ule, ambazo baadhi ya nchi wanachama hazijazifungua zote.

Mpelekeeni lile swali langu. Mheshimiwa Jaji, ni kitu gani kikionekana kesho utabadili mawazo? Jibu lake limeshaandikwa: fungueni makabati hayo, tusome.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Naona mkono wa mzee wetu pale nyuma uko juu tangu nilipoitaja Dallas, na sidhani kama anataka kunipongeza.